Programu iliniambia sekunde 12.3, uwanjani nikapata 13.4: uzoefu wangu wa msimu mzima

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: hizi programu za kukadiria gari litakimbia vipi kwenye mbio za robo maili (kama mita 402 za kunyooka), spidi ya mwisho, yaani ile unayovukia mstari wa kumalizia, zinaotea vizuri mno, lakini muda usiziamini mpaka uzilishe namba za gari lako wewe na mguu wako wewe. Nimezijaribu msimu mzima, na jina la hii niliyonunua sitaji maana nyingine nilizogusa zina tabia hiyohiyo.

Gari ni Mustang GT ya 2012, V8 ya lita 5.0, gia 6 za kukanyaga klachi, difu ya uwiano wa 3.31, haijaguswa kitu. Kiwanda kinasema HP (nguvu za farasi) 412. Naishi Columbus, Ohio, na uwanja wa mbio wa National Trail kule Hebron si mbali, jioni za majaribio unalipa unaingia na gari lako la kwendea kazini. Basi nikajaza vile vilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari, nikabonyeza, ikanipa sekunde 12.3. Nilifurahi sana usiku ule.

Siku ya siku joto nyuzi 31, foleni saa nzima, taa ya kijani ikawaka nikaachia klachi na tairi za nyuma zikaanza kuzunguka bure, nasikia zinalia tu gari haliendi, nimekuja kulishika vizuri niko gia ya pili. Kikaratasi cha matokeo wanachokupa uwanjani kikasema sekunde 13.41 kwa maili 107.8 kwa saa, na futi 60 za kwanza, yaani kama mita 18, nimetumia sekunde 2.21. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikaona nimeibiwa hela.

Ila nilivyokaa na kile kikaratasi nikagundua kosa kubwa halikuwa la programu. Yenyewe ilikuwa imeachwa kwenye hewa ya usawa wa bahari, nyuzi 15, na mimi sikukigusa hicho kisanduku. Uwanja uko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, lakini kwa lile joto na unyevunyevu injini ilikuwa inavuta hewa nyepesi kama ya sehemu iliyo mita 1,000 juu, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) hapo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu. Halafu uzito. Nikaenda kwenye mzani wa malori, tenki nusu, nimekaa ndani, ikasoma pauni 3,790, kama kilo 1,719. Kitabu kinapima gari tupu, dereva hayumo. Nikajaza upya: maili 107.9 kwa saa. Nilikaa naitazama hiyo namba. 107.9 na kikaratasi 107.8!

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu. Na sababu yake si uchawi, mwanafizikia Geoffrey Fox aliliandikia makala jambo hili mwaka 1973: spidi ya mwisho inafuata mzizi wa tatu wa nguvu ukigawa kwa uzito. Maana yake ukikosea nguvu kwa asilimia 10, spidi inakosewa kama asilimia 3 tu. Kwa hiyo hata programu ya kawaida itapata spidi ukiipa uzito wa kweli na hewa ya kweli. Muda wenyewe ni kitu kingine kabisa, muda unaamuliwa pale mita 18 za mwanzo, na pale ni tairi, lami, upepo uliojaza kwenye tairi na namna unavyoachia klachi, na hakuna kisanduku cha kuandika "dereva ana woga". Kuchelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde pale mwanzo, mwisho inakuwa sehemu moja na nusu mpaka mbili za kumi.

Kuna kosa lingine nimelifanya na naona wengi watalifanya. Nilipeleka gari kwenye mashine ya kupima nguvu, ikatoa HP 365 kwenye tairi, nikaenda kuiandika kwenye kisanduku cha nguvu ya injini, programu ikakata tena upotevu wa gia na difu juu ya upotevu uliokwisha kukatwa, ikanipa maili 105. Wiki nzima naamini gari langu ni la ajabu linaizidi hesabu. Angalia hapo sana, 412 ni ya injini, 365 ni ya tairi.

Na ukipima kwa simu barabarani usilinganishe na uwanja. Uwanjani saa haianzi gari linapotikisika, inaanza tairi la mbele likishatoka kwenye mwanga wa kipimo unaokatiza mstari wa kuanzia, umeshatembea kama futi moja, na hiyo futi moja peke yake inakula karibu sekunde 0.3.

Sasa faida niliyoipata kwa hela yangu. Nilikuwa nataka kubadilisha difu kwenda uwiano wa 3.73 ili gari lichomoke zaidi, kila mtu ananishauri hivyo. Programu ikasema utaokoa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, lakini ukiweka tairi za nyuma laini za kushika lami utaokoa zaidi ya sehemu tatu za kumi. Kabla ya tairi, siku nzuri kuliko zote, usiku wa nyuzi 24, nilipata 13.02 kwa 108.9, futi 60 kwa 2.04. Baada ya tairi, hewa ileile karibu: 12.68 kwa 109.1, futi 60 kwa 1.85. Yenyewe ilisema 12.60. Mnaona spidi haikusogea? Nguvu ni ileile, kilichobadilika ni mwanzo tu. Difu nimeachana nalo.

Binamu yangu wa Nairobi ana Subaru ya turbo akaniomba nimpigie hesabu, nikaweka mita 1,700, ikamkata asilimia 15 ya nguvu kama vile hana turbo. Hiyo siyo sawa, turbo ikiwa bado ina nafasi ya kuzunguka zaidi inafidia sehemu kubwa. Hii ndiyo kasoro inayoniudhi kuliko zote, mtu wa Nairobi au Arusha ataonyeshwa gari bovu kuliko alilo nalo. Wenye turbo mtafute inayowaacha muweke presha ya turbo wenyewe.

Nimeshajaza hewa ya mwisho wa Oktoba, nyuzi 8. Inasema 12.4 kwa maili 111. Ile 111 naisubiri bila wasiwasi, ile 12.4 naenda kuifanyia mazoezi ya klachi.