Mlo wa safari ya siku moja: mikahawa ya nje ya jiji, kuanzia ya kuifuata hadi ya kuipita

Safari ya siku moja ina mlo mmoja tu wa maana. Ukiukosea, hakuna chakula cha jioni cha kufidia, maana jioni uko kwenye foleni ya kurudi mjini. Kwa hiyo upigie hesabu mapema, kabla hata ya kuwasha gari.

Anza na nauli ya sahani. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja, likienda kilomita 100 na kurudi, linakunywa karibu lita 17. Mkiwa wanne, kila sahani imeshabeba zaidi ya lita 4 za mafuta kabla hujaiona menyu. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa swali moja: chakula hiki ningekipata mjini? Kama ningekipata, hata kiwe kitamu vipi, kinashuka. Swali la pili ni jinsi chakula kinavyotoka jikoni, kwa kasi au kwa kusubiri wateja. Mandhari sikuipa alama hata moja, na sababu utaiona mbele.

Namba moja: mkahawa wa chakula kimoja

Huu ni ule unaotajwa na wenyeji kwa jina la chakula kuliko jina la mkahawa wenyewe. Menyu yake ni fupi, pengine imeandikwa kwa mkono na kufutwafutwa. Kwa pesa yako, hakuna unaoushinda.

Kabla ya kukaa, simama karibu na kaunta dakika mbili tatu utazame sufuria. Mpishi anachota kwenye sufuria inayochemka, au anafunua bakuli lenye utando wa mafuta yaliyoganda juu? Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, na kile kinachosubiri kuliwa kiwe cha moto, zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi. Mkahawa wenye vyakula 40 kwenye menyu na wateja sita mezani hauwezi kulitimiza hilo bila friji kubwa na kupasha moto mara kwa mara. Mkahawa wa chakula kimoja unalitimiza bila hata kuijua kanuni yenyewe, kwa sababu sufuria inakwisha kabla haijapoa.

Ubaya wake ni huohuo: chakula kinakwisha. Watu hupiga simu na kuuliza, "Mnafunga saa ngapi?" Wanaambiwa saa kumi, wanafika saa nane, wanakuta mpishi anasugua sufuria. Uliza, "Chakula huwa kinakwisha saa ngapi?" Hilo ndilo swali. Na ukishampata mwenye mkahawa kwenye simu, mwombe akuwekee sahani zenu kabisa. Mara nyingi atakubali, mradi ufike saa uliyosema.

Namba mbili: meza ya mkulima

Hapa unakula nyumbani kwa anayelima au kufuga. Italia wameiwekea jambo hili sheria tangu 1985, ikaandikwa upya 2006: anayetaka kuitwa agriturismo, yaani shamba linalopokea wageni, lazima awe mkulima kwelikweli, na sehemu kubwa ya chakula anachouza itoke shambani kwake au kwa wakulima wa eneo lake. Maana yake kwa mteja ni kwamba jina lenyewe lina dhamana fulani.

Vienna wana utaratibu mkongwe zaidi. Mwaka 1784 Mfalme Joseph II aliwaruhusu wakulima wa zabibu kuuza divai yao wenyewe majumbani mwao, na hadi leo kwenye viunga vya jiji hilo utaona kifurushi cha matawi mabichi kimening'inizwa mlangoni. Usidhani ni pambo. Likiwapo tawi, wamefungua, lisipokuwapo, geuza. Wengine hufungua kwa majuma machache tu, kisha hufunga na kurudi shambani. Asiyekunywa divai hakosi juisi ya zabibu na chakula baridi cha kulia.

Kwingineko ambako hakuna sheria wala tawi, kipimo ni msimu. Muulize mwenyeji wiki hii kumeiva nini. Akikutajia vitu viwili vitatu na kukwambia kile ulichokitamani bado, kaa. Shamba linalotoa kila kitu mwaka mzima linanunua sokoni kama wewe.

Nimeiweka ya pili kwa sababu haina uhuru. Unakula kilichopikwa siku hiyo, saa waliyopanga wao, na usipoweka nafasi mapema unaweza kurudi na njaa. Kama una mtoto anayechagua chakula, fikiria tena.

Namba tatu: panaposhuka samaki

Mkahawa ulio karibu na mahali mitumbwi inapotia nanga unaweza kuwa bora kuliko yote, au hasara tupu. Tofauti ni siku yenyewe. Upepo ukivuma sana jana, mitumbwi haikutoka, na unacholetewa leo kimetoka kwenye friza kama kile cha mjini, ila wewe umeongeza mafuta ya gari. Muulize kwanza mvuvi, mhudumu baadaye.

Omba uonyeshwe samaki mzima kabla hajakatwa: macho yawe maangavu na yamejaa, matamvua mekundu, na ukimbonyeza nyama irudi. Wakiuza kwa uzito, bei ya kilo itajwe na mizani uione wewe mwenyewe kabla samaki hajaingia kwenye mafuta. Akishakaangwa, hoja huna tena.

Namba nne: wanapokula madereva wa malori

Kuna imani kwamba penye malori mengi pana chakula kizuri. Ni nusu ya ukweli. Dereva wa lori anaangalia kwanza kama gari lake litageuka, kama pana choo na bafu, na kama mzigo utakuwa salama. Chakula kinafuata. Kwa hiyo usihesabu malori, hesabu sahani: wangapi wamekaa wanakula, na wangapi wamelala ndani ya gari?

Ufaransa mikahawa ya aina hii ina utambulisho wake tangu 1934, kibao chekundu na buluu cha Les Routiers, na huko mlo wa mchana wa bei moja ni jambo la kawaida. Penye kibao au pasipo, faida ya mikahawa hii ni ileile: chakula kingi, haraka, na bei haijifichi. Utamu wa kipekee usiutarajie sana. Ni chaguo la anayerudi mjini na njaa kali na muda mdogo.

Namba tano: mikahawa yenye nyota

Watashangaa wengine kuiona hapa chini, hasa kwa kuwa nyota zenyewe, alama za ubora wa chakula, zilizaliwa kwa ajili ya wasafiri. Kampuni ya matairi ya Michelin ilitoa kitabu chake cha kwanza cha mwongozo mwaka 1900, ikakigawa bure kwa wenye magari. Nyota zilianza 1926. Nyota mbili maana yake mkahawa unastahili uchepuke njia, na tatu unastahili safari yake maalumu. Tatizo ni muda. Mlo wa sahani ndogondogo nyingi unaweza kuchukua muda wa saa tatu, na nafasi huenda ikabidi uiombe majuma kadhaa kabla. Ukienda huko, basi safari yako ni mlo huo tu, usipange na kutembea. Anayetaka kula vizuri bila kufilisika atafute alama yao nyingine, Bib Gourmand, waliyoianzisha 1997 kwa ajili ya mikahawa yenye chakula kizuri kwa bei ya wastani.

Namba sita: mkahawa wa mandhari

Ule wa ukingoni mwa mlima, au wenye kibaraza juu ya maji. Mteja wake huja mara moja, hupiga picha, huondoka. Mwenye mkahawa analijua hilo, na mpishi pia. Sifa zake mtandaoni ni nyingi, lakini zisome vizuri: wanasifu machweo. Panga maoni kuanzia ya karibuni, kwa sababu mpishi akihama ladha humfuata na nyota za mtandaoni hubaki, kisha tazama picha za sahani zilizopigwa na wateja. Kama picha kumi zote ni za upeo wa macho, umeshajibiwa.

Kunywa chai hapo. Ikibidi kula, agiza kitu kinachokaangwa au kuchomwa baada ya wewe kuagiza, na bufee iliyokaa tangu saa sita iache ilivyo.

Kuhusu saa

Jiko la nje ya jiji halikusubiri. Ufaransa, mikahawa mingi ya vijijini hutoa chakula cha mchana kuanzia saa sita hadi saa nane basi. Hispania, saa nane ndiyo kwanza watu wanakaa. Jumatatu, mikahawa mingi ya Ufaransa na Italia hufungwa, kwa kuwa Jumapili walifanya kazi. Popote uendapo, fika nusu saa kabla ya wimbi la watu, ukiwa na pesa taslimu, maana mtandao wa malipo ya kadi haufiki kila bonde.

Na ukikuta pamefungwa? Japani wamelitatua kwa michi-no-eki, vituo vya barabarani vilivyoanza rasmi 1993 na sasa vimepita 1,200. Choo na maegesho viko wazi saa 24, na vingi vina duka la mazao ya wakulima wa hapo na mkahawa mdogo. Kwingineko, nenda sokoni kabla halijafungwa: nunua mkate, matunda unayoweza kuyamenya mwenyewe na kitu kilichotoka motoni ukikiona, mle kivulini, kisha mwondoke kabla ya foleni.