Ngram Viewer ya Google: kipimo kizuri cha vielezi, kipofu kidogo kwa vyeo

Kiswahili kina "sana", na linakaa na karibu kila kitenzi: naomba sana, natumaini sana, naamini sana, nashukuru sana. Kiingereza hakina neno jepesi hivyo. "Hope" huenda na "sincerely", "believe" na "firmly" au "strongly", "refuse" na "flatly", "regret" na "deeply". Anayeandika "I very hope" anajua maana ya kila neno, ila hajui nani huandamana na nani. Kwa pengo hilo Ngram Viewer, huduma ya bure iliyoanza mwaka 2010, inafaa kuliko kamusi nyingi za kawaida.

Kazi yake ni kuhesabu maneno yanayofuatana, hadi matano, ndani ya vitabu vilivyoskaniwa na Google. Andika "*_ADV recommend". Nyota hushika nafasi ya neno lolote, na alama iliyogandana nayo hulibana liwe kielezi. Hutoka maneno 10 yanayoongoza. "Also" na "not" nayo huhesabiwa vielezi, basi yaruke utafute yale yanayobeba uzito. Ukibaki na mawili, yapambanishe kwa mkato: "strongly recommend,highly recommend". Linganisha vitabu vya Marekani na vya Uingereza, kisha hadithi za kubuni peke yake, maana vitabu vya kitaaluma ni vingi na huivuta grafu kwenye lugha ya ripoti.

Wengi hukwama hapa: "recommend this book highly" ni Kiingereza safi, lakini hesabu ya kawaida hailioni jozi hilo kwa sababu maneno mawili yameingia kati. Tumia mshale: "recommend=>highly". Huo hutafuta kielezi kinachotegemea kitenzi popote kilipo katika sentensi. Uchambuzi unafanywa na mashine na hukosea mara nyingine, ila kwa jozi za kawaida unatosha kabisa.

Kwa majina yenye vyeo, tahadhari. "Mr Brown flatly refused to" tayari ni maneno matano, na mfululizo usiofikisha vitabu 40 hauonyeshwi kabisa. Grafu ikiwa tupu haimaanishi sentensi ni mbovu. Ondoa jina, pima "flatly refused" peke yake. Tafuta pia "Mr" na "Mr.", kwani Waingereza wa leo huacha nukta na Wamarekani huiweka, na herufi kubwa hutofautishwa na ndogo.

Mtego mkubwa zaidi ni "Sir". Kanuni ni kwamba "Sir" hufuatwa na jina la kwanza: "Sir Isaac said", kamwe si "Sir Newton said" kwa kumtaja Isaac Newton. "Mr" na "Dr" kwa kawaida hudai jina la ukoo, kinyume na sisi tunaosema Mwalimu Asha bila shida. Sasa ukiona "Sir Newton" ina mstari, usidhani kanuni imevunjwa: kulikuwa na Sir Newton Moore, waziri mkuu wa Australia Magharibi, na Newton ndilo jina lake la kwanza. Mashine huhesabu maneno, haijui ni nani anayetajwa.

Mambo mawili ya kurekebisha kabla ya kuiamini grafu. Ulainishaji wa mistari uweke 0, la sivyo kila mwaka unachanganywa na majirani zake. Halafu anza mwaka 1900. Vitabu vya kabla ya 1800 vilichapwa kwa s ndefu inayofanana na f, hivyo "said" mara nyingi imesomwa "faid", na utafutaji wowote wa "Mr * said" kwa miaka hiyo hutoa kiasi pungufu. Ukitilia shaka, chini ya grafu kuna viungo vya vipindi vya miaka vinavyofungua vitabu vyenyewe. Soma sentensi tano au sita nzima kabla ya kuchagua kielezi.