Linux Mint kwa laptopu ya mtumba: kagua flashi kabla ya kulaumu kompyuta

Haya, karibuni tena watazamaji wangu. Leo niko hapa Kisumu, na mezani nina laptopu ya mtumba, HP EliteBook 840 G3, zile za ex-UK mnazoziona zimepangwa madukani pale mjini. Kando yake kuna flashi mbili na simu yenye bando. Wengi mnaniuliza jinsi ya kuweka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, wenyewe nyumbani bila kumwita fundi. Leo tunaweka, na nitakwambia wazi kipi kimenifurahisha na kipi kitakusumbua. Kelele unayosikia ni mvua juu ya mabati. Vumilia, jioni za huku ndivyo zilivyo.

Kwa nini laptopu hii? Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 6. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Kwa hivyo mashine nzima hii, kibodi haina tatizo, skrini haina tatizo, RAM GB 8, inaambiwa imezeeka. Mimi nasema bado ina kazi. Naiwekea Linux Mint 22, aina mojawapo ya Linux, toleo la 2024 linaloendelea kupata masasisho hadi 2029, na nimechukua ile yenye muonekano wa Xfce kwa sababu ni nyepesi. Mint wenyewe wanasema RAM ya GB 2 inatosha na GB 4 ndiyo ya kustarehe. Mimi nakwambia chini ya GB 4 usijisumbue. Mint haina shida, shida ni kivinjari. Fungua eCitizen, YouTube na barua pepe kwa pamoja uone mashine inavyohema.

Sasa tuje kwenye flashi, na hapa nitakaa sana, maana watu wengi wanaokwama na Linux wamekwamia hapa bila kujua.

Sogeza macho karibu. Hizi mbili ukiziangalia kwa nje hazina tofauti kubwa. Hii ya kushoto ni GB 16, nimeinunua dukani na nina risiti. Hii ya kulia imeandikwa GB 128, ina jina la kampuni kubwa ambalo silitaji, maana sidhani hata kama kampuni yenyewe inaijua. Niliipata barabarani. Yule kijana aliniambia, "Kastama, hii ni 128, nakupea na 500 tu." Nikamuuliza, "Na nikipata ni feki, boss?" Akacheka, "Rudi tu, omera, mimi niko hapa kila siku."

Ukiichomeka, Windows inakwambia kweli ni GB 128. Usiamini. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw. Inaijaza flashi data mpaka pomoni, halafu inaisoma tena yote kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Inachukua muda, kwa hiyo iache usiku ikifanya kazi. Angalia majibu ya hii ya kulia: iliyorudi salama ni GB 7 na kidogo, zilizobaki zote zimepotea. Chipu ya ndani ni ndogo, lakini imefundishwa kudanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake.

Najua kuna mtu anasema, "Lakini si Mint ni karibu GB 3 tu, itaenea kwa hizo 7?" Itaenea. Ila chipu zinazofichwa kwenye flashi kama hizi mara nyingi ni makapi ya kiwandani, zinaandika sawa leo na kesho zinasoma vibaya. Matokeo yake unaanza kuweka Linux vizuri, unafika katikati, inasimama. Inatokea Errno 5, na chini yake maelezo kwamba huenda CD ni mbovu au diski ya kompyuta imeharibika. Mgeni akishaona diski imeharibika, moyo unamruka. Anaenda kununua SSD mpya, anarudi, tatizo ni lile lile. Laptopu haikuwa na kosa lolote. Kwa hivyo ukiona ujumbe huo, kabla hujatoa pesa, badilisha flashi kwanza. GB 8 ya kweli inatosha kabisa.

Kupakua Mint nitapita haraka. Nenda kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe, si kwa kiungo ulichotumiwa kwenye grupu la WhatsApp. Kama mtandao wenu unakatika au stima zinapotea kila mara, chukua torrent, njia ya kupakua faili vipande vipande, itaendelea pale ilipoachia badala ya kuanza upya na kula bando lako lote. Likishafika, hakiki faili. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika certutil, kisha -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Itakupa mstari mrefu wa herufi na tarakimu, ulinganishe na ule ulio kwenye tovuti. Herufi moja ikitofautiana, faili hilo halifai, pakua tena.

Kuandika kwenye flashi kuna programu mbili watu wanabishania, Rufus na balenaEtcher. Etcher inauliza maswali machache, na ikimaliza inasoma tena flashi kuhakikisha. Kwa mtu mgeni kabisa hiyo ni raha. Lakini ni nzito kuipakua, na Rufus ni ndogo sana, haifiki hata picha moja ya simu yako. Kwa sisi tunaonunua data, nimechagua Rufus. Chagua flashi yako, chagua faili la Mint, hayo mengine yaache jinsi yalivyo, bonyeza Start. Ikikuuliza uandike kwa ISO au DD, chagua ISO. Kila kilichokuwa kwenye flashi kitafutika, kwa hivyo zile picha za harusi ya dada yako zihamishe mapema. Na kama umetumia Etcher, Windows inaweza kukurukia ikisema flashi inahitaji kuformatiwa. Kataa. Haijaharibika, ni vile Windows haijui kuisoma.

Sasa tunawasha. Kwa HP unagonga Esc mfululizo ukishabonyeza swichi, kisha F9, unachagua flashi. Dell na ThinkPad ni F12. Usishike kitufe ukakiganda, kigonge. Secure Boot, ule ulinzi wa mashine inapowaka, iache, Mint kwa kawaida inawaka nayo ikiwa imewashwa.

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Umeona? Mint imefunguka na bado hatujagusa chochote ndani ya laptopu. Inaendeshwa kutoka kwenye flashi. Usikimbilie aikoni ya kuinstoli. Kaa hapa nusu saa, uikague mashine kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Waifai inaona mitandao? Spika zinalia? Cheza video. Punguza mwanga wa skrini kwa kibodi. Funga kifuniko, fungua tena, imeamka? Chomeka printa yako. Kisoma alama za vidole usikitegemee, kwenye laptopu nyingi za zamani hakitambuliki. Kama waifai haionekani kabisa, na hilo hutokea sana kwa zenye chipu ya Broadcom, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti, utapata mtandao wa kupakulia draiva. Ila usihukumu kasi kwa sasa, flashi ni polepole kuliko SSD.

Tumeridhika, tunainstoli. Chaja ichomekwe na betri iwe imejaa, unajua betri za mtumba. Chagua lugha, kibodi, weka alama pale kwenye codecs ili video na muziki zicheze. Halafu inakuja skrini ya kuogopa, na hapa naomba uangalie kwa makini. Erase disk maana yake ni kufuta kila kitu: Windows, hati, picha, vyote. Install alongside inaiweka Mint kando ya Windows. Angalia jina la diski na ukubwa wake: hii sda ni GB 256, ndiyo ya laptopu. Ile sdb ya GB 16 ni flashi yetu. Soma ukubwa kwa sauti kabla ya kubonyeza, hata kama uko peke yako chumbani.

Kwa anayeweka kando ya Windows, nakili kazi zako mahali pengine kwanza. Sehemu ya Windows inapopunguzwa stima zikipotea na betri ikiwa mbovu, unaweza kulia. Kwa anayefuta yote, zikikatika unaanza upya tu, hakuna hasara. Pia zima BitLocker, inayofunga diski kwa siri, na Fast Startup, ile ya kuwaka haraka, kule Windows kabla ya kuanza. Na kuna kituko kimoja: ukirudi Windows utakuta saa iko nyuma kwa saa 3. Ni saa 5 asubuhi, yenyewe inakwambia saa 2. Linux inaweka saa ya ndani ya mashine kwa UTC, ile saa ya kimataifa, Windows inaidhani ni saa ya Nairobi. Ndani ya Mint fungua Terminal, andika timedatectl set-local-rtc 1, imeisha.

Kwenye ramani bonyeza Nairobi, weka jina na nenosiri ambalo utalikumbuka, kisha subiri. Ikisema utoe flashi ubonyeze Enter, fanya hivyo.

Sasa uamuzi wangu. Mwanafunzi wa Maseno anayeandika kazi zake na kusoma mtandaoni, mwenye duka anayetunza hesabu kwenye LibreOffice, programu ya hati na hesabu, mtu wa saiba mwenye mashine kadhaa za zamani: wekeni, mtafurahi. Mhasibu anayetumia QuickBooks ya kompyuta, au mtu wa studio anayeishi ndani ya Photoshop, usifute Windows. Programu hizo hazina toleo la Linux, na kuhangaika kuzilazimisha si kazi ya mtu anayeanza.

Na flashi usiiformati ukimaliza, iandike MINT kwa kalamu uiweke droo. Siku Windows ya jirani ikigoma kuwaka, ukiichomeka flashi hiyo utafungua diski yake na kumtolea faili zake zote hadi kwenye diski ya nje, mradi tu hazikufungwa kwa BitLocker. Akiwa amefunga, muulize kwanza kama ana ile namba ya kurejesha yenye tarakimu 48.