Kurusha mubashara kutoka Uganda: begi la laini au setilaiti?

Prodyuza wa habari za kimataifa aliyeko Kampala hutegemea zaidi begi la laini, yaani mkoba wenye mashine inayotuma picha kwa mitandao ya simu. Unapachika laini kadhaa za MTN na Airtel, mashine inaigawa picha kwa laini zote, na studio inaiunganisha upya. Ni jepesi, picha safi. Tatizo ni umati: kwenye mkutano wa kampeni kila simu iko hewani, mnara unaelemewa, picha inaganda. Hapo ongeza ucheleweshaji (muda wa picha kusubiri kabla ya kwenda hewani) hadi sekunde 4 au 5, au sogea upande unaohudumiwa na mnara mwingine.

Setilaiti ni ghali, na kifaa cha kawaida cha BGAN (huduma ya intaneti ya setilaiti) hakizidi kilobiti 492 kwa sekunde, hivyo picha ya mubashara huwa na chenga. Kibali chake kishughulikie mapema UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Lakini Januari 2021, intaneti ilipozimwa mkesha wa uchaguzi, laini hazikusaidia kitu. Hali kama hiyo ikitokea, tumia setilaiti, ila tuma faili badala ya mubashara: klipu ya dakika 2, iliyobanwa hadi megabiti 2 kwa sekunde, hufika kwa dakika kama 10. Antena iwe mbali na paa na miembe, kwani hapa ikweta setilaiti ya longitudo jirani iko karibu utosini.

Uchaguzi ukikaribia, beba vyote viwili.