Kiduka cha picha za AI Kibokoni, hatimaye ngozi ya mtu kweli

Jamani kama mmechoka na picha za AI (akili bandia) zinazotoka uso kama mdoli wa plastiki, kuna kiduka kidogo hapa mtaani Kibokoni, huku Pwani, wallahi wanajua kazi. Mimi natunga hadithi za watoto na kwa jalada nilitaka bibi wa kipwani amejifunga leso, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Mahali pa kwanza nilipopeleka nikapewa bibi mwenye mvi lakini mashavu ya msichana wa miaka 20, kumbe walipitisha uso kwenye programu ya kusafisha sura ikafagia makunyanzi yote, na pesa yangu ikaenda.

Huyu kijana wa Kibokoni anatumia Flux.1 dev, modeli ya AI inayochora picha kutokana na maneno, ile ya Agosti 2024, na alinikalisha kando yake nikaona kila kitu. Akaanza na guidansi, yaani namba ya kuiambia ishike maneno yako kwa nguvu kiasi gani, ilikuwa 3.5 akaishusha mpaka 2 bila kugusa kingine, papo hapo ile nta usoni ikapungua. Alafu kwa promti, yale maelezo unayoiandikia, akafuta maneno yangu yote ya mrembo sijui ngozi safi, akaandika mwanga unaingia dirishani upande mmoja, maana mwanga ukipiga mbele unaua vile vivuli vidogo vya vinyweleo na bila vivuli hiyo si ngozi tena. Mwisho akaikuza picha mara mbili, akaweka maski usoni peke yake, yaani akatia alama sehemu ya kuguswa tu, akachora upya kwa denoizi 0.3, namba ya picha ibadilike kiasi gani. Nikamwambia apandishe hadi 0.6 tuone, eeh bibi akawa mtu mwingine kabisa hata pua si yake, tukarudi haraka.

Sasa angalia shavu lenyewe. Karibu na pua vinyweleo vimefunguka, kuelekea sikioni vinapotea, juu ya mdomo kuna malaika, chini ya macho weusi umekolea kidogo, na paji linang'aa kale kajasho ka joto letu la Januari. Mamangu alipoiona akauliza huyu ni wa ukoo gani.

Shida ilikuwa mkono ulioshika nazi, ulibaki laini kama sabuni, uso wa miaka 70 na mkono wa miaka 15, nikarudisha akaupitia na maski na hakunitoza tena. Yote shilingi 1,500, siku mbili. Nendeni asubuhi, jioni pamejaa wanafunzi wa kuprinti.