Uzoefu wangu na asadmin: kuunda instansi za GlassFish kwa mstari wa amri

Katika vyombo vyote nilivyotumia kusimamia seva za programu za Java, asadmin, chombo cha mstari wa amri cha seva ya GlassFish, ndiyo ninayoiamini zaidi inapofika kazi ya kuunda instansi mpya. Nimeitumia kwenye mashine moja ya majaribio, nikaitumia pia kwenye klasta, yaani kundi la instansi zinazofanya kazi kama kitu kimoja, iliyotandazwa juu ya mashine kadhaa. Bado ndiyo ninayompendekezea mtu yeyote anayetaka seva zake zifanane leo na kesho, awepo yeye au awepo mwenzake kwenye zamu.

Kwa asiyezoea mambo haya, instansi ni mchakato wa Java unaojitegemea, wenye porti zake, logi zake na programu zake. Juu yake kuna seva ya usimamizi wa domeni (domeni ni kundi la instansi zinazosimamiwa pamoja), ambayo wengi tunaiita DAS tu. DAS ndiyo inayoshika usanidi wote na kuugawa kwa instansi. Ukishaelewa kwamba bosi ni DAS na instansi ni wafanyakazi wake, amri nyingi za asadmin zinajieleza zenyewe.

GlassFish ina pia konsoli ya kivinjari kwenye porti 4848, na kazi hiyohiyo inafanyika pale kwa kubofya. Sina ugomvi nayo. Kwa kutazama hali ya mambo ni nzuri sana. Lakini mtu aliyebofya hakuachii pahala pa kusoma alichokifanya. Amri niliyoiandika kwenye skripti inasomeka, inahakikiwa na mwenzangu kabla haijagusa seva, na inarudiwa kwenye mazingira mengine bila kubahatisha. Hiyo peke yake ilitosha kunihamishia kwenye terminali.

Instansi ya kwanza inapatikana hivi:

asadmin start-domain domain1
asadmin create-instance --node localhost-domain1 mauzo1
asadmin start-instance mauzo1
asadmin list-instances

Nodi, yaani mashine inayobeba instansi, ya localhost-domain1 inakuja tayari na domeni, kwa hiyo huna cha kuandaa kabla. Ninachokipenda hapa ni kwamba create-instance haimalizi kimyakimya. Inakuchapishia porti zote ilizoipa instansi: HTTP 28080, HTTPS 28181, ya usimamizi 24848, na nyinginezo za huduma za ndani kama JMX, IIOP na JMS. Ukiunda ya pili kwenye nodi hiyohiyo, inatafuta porti nyingine zilizo wazi, na HTTP inakuwa 28081. Zingatia pia kwamba kuunda si kuwasha. Bila start-instance, list-instances itakuonyesha instansi ipo lakini haifanyi kazi, na kwangu huo ni mpangilio wa busara, kwa sababu unapata nafasi ya kurekebisha usanidi kabla mtumiaji hajaifikia.

Porti za kujipangia zenyewe zinafaa kwa majaribio. Kwenye seva za kazi mimi hutumia --portbase. Ukiandika --portbase 9000, HTTP inakuwa 9080, HTTPS 9081, na ya usimamizi 9048. Ukiipa instansi inayofuata 9100, unajua bila kutazama popote kwamba HTTP yake ni 9180. Watu wa mtandao wanaofungua ngome za usalama (firewall) wanapenda mpangilio huu, na mimi naupenda zaidi usiku wa manane ninapotafuta ni mchakato upi umeshika porti ipi. Ukitaka kutaja porti mojamoja, --systemproperties inakupa uhuru huo, ila mstari unakuwa mrefu na rahisi kukosea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningetaka kila anayeanza alipe uzito, kwa sababu amri yenyewe ni nyepesi mno kiasi cha kukufichia uamuzi uliomo ndani yake. Instansi lazima iegemee usanidi fulani. Usipotaja --config wala --cluster, asadmin inanakili usanidi uitwao default-config na kuupa nakala jina la instansi, kwa mfano mauzo1-config. Hiyo ni instansi inayojitegemea: utakachobadilisha kwake kinabaki kwake. Ukitaja --config, instansi inatumia usanidi huo pamoja na wengine wote wanaoutumia. Usanidi huo uwe umeshaundwa, na usiwe default-config wala server-config, asadmin itakataa. Ukitaja --cluster, instansi inarithi usanidi wa klasta, na programu utakayoipeleka kwenye klasta inawafikia wanachama wote.

Uzito wake unauona baadaye. Tuseme una instansi sita zinazohudumia programu moja, na ziliundwa kila moja peke yake. Siku ukihitaji kubadilisha ukubwa wa bwawa la nyuzi (threads) zinazohudumia maombi ya HTTP au kiwango cha logi, unakuta usanidi sita unaotakiwa kuguswa mmojammoja, na hakuna anayekuhakikishia kwamba yote sita bado inafanana. Zingeundwa ndani ya klasta, badiliko lingefanywa mara moja. Kwa hiyo hata pale ninapoanza na instansi moja tu ya kazi, naanza na create-cluster, kisha naiunda instansi ndani yake. Gharama ni amri moja ya ziada.

Kumbukumbu nayo inataka hesabu. Usanidi wa msingi una -Xmx512m, yaani kila instansi inaruhusiwa hadi megabaiti 512 za hipu (sehemu ya kumbukumbu ambamo Java huweka data ya programu), na mchakato wa Java hutumia zaidi ya hipu yake. Kwa programu kubwa, kiwango hicho hakitoshi. Kwa mashine ndogo yenye instansi nyingi, kinajumlishana haraka. Nafasi ya kukibadilisha ipo katika delete-jvm-options na create-jvm-options, ukitaja klasta kama lengo.

Kwenye mashine za mbali ndipo asadmin ilipobadilika sana. Toleo la 2 la GlassFish lilitegemea wakala wa nodi, programu ya pembeni iliyotakiwa kuwa hai kwenye kila mashine. Toleo la 3 la Desemba 2009 lilitoka bila klasta kabisa, na toleo la 3.1 la mwaka 2011 likazirudisha kwa kutumia SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali. Huo ulikuwa uamuzi mzuri. Unaandaa funguo kwa setup-ssh, unasajili mashine kwa create-node-ssh, na kuanzia hapo create-instance inafanana na ile ya mashine ya nyumbani, jina la nodi tu ndilo linalobadilika. Ukiongeza --install true, GlassFish yenyewe inapelekwa kwenye mashine ile. Java uwe umeshaiweka. Kabla ya yote hayo, weka nenosiri la msimamizi, endesha enable-secure-admin, kisha washa upya domeni, maana bila hatua hiyo DAS haizungumzi na usimamizi wa mbali. Pale ambapo SSH hairuhusiwi, kuna create-local-instance, inayoendeshwa kwenye mashine yenyewe huku ikielekezwa kwa DAS kupitia --host.

Yapo yanayonipunguzia raha. Kila unapoita asadmin, inawashwa Java upya, na kwenye skripti yenye amri nyingi unausikia uzito huo. Dawa yake ni multimode: unaweka amri zako kwenye faili, unaiita asadmin mara moja kwa multimode --file, na inazipitia zote. La pili, create-instance haijui kusema «ipo tayari, tuendelee». Ikikuta jina limeshatumika inashindwa na kurudisha alama ya kosa, kwa hiyo skripti inayokusudiwa kurudiwa lazima ianze kwa kuuliza list-instances. Na ujumbe wa makosa mara nyingi ni mfupi. Habari kamili iko kwenye server.log ya instansi, chini ya saraka ya nodes. Jambo la nenosiri halinisumbui: --passwordfile inalitoa nje ya mstari wa amri, ili lisibaki kwenye historia ya terminali. Faili hilo lifungwe kwa ruhusa za mwenyewe tu.

Kufuta kuna adabu yake. Instansi inasimamishwa kwanza kwa stop-instance, ndipo delete-instance inapokubali. Ikiwa ilikuwa inajitegemea, na usanidi wake unaondoka nayo, kwa hiyo kama kuna mipangilio unayoihitaji, inakili mapema kwa copy-config.

Wanaotumia Payara, iliyochipuka kutoka GlassFish mwaka 2014, watazikuta amri hizihizi kwa sehemu kubwa. Waliozoea Tomcat wataona tofauti: kule instansi nyingi zinapatikana kwa kuipa kila moja saraka yake ya CATALINA_BASE, na usimamizi wa pamoja unajitengenezea mwenyewe. Kwa seva mbili tatu zisizohusiana, njia ya Tomcat ni nyepesi na sioni sababu ya kumtoa mtu huko. Na kama kila programu yako inaishi ndani ya kontena lake (mfano la Docker), na kitu kingine ndicho kinachoamua ngapi ziwake, basi instansi na klasta za GlassFish zitakuwa safu ya pili inayofanya kazi ileile. Domeni moja ndani ya kila kontena inatosha.