CoaguChek XS: mashine ya kupima INR nyumbani, kwenye joto la Mombasa

Kwa anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, awe ana vali ya moyo ya chuma au moyo unaopiga bila mpangilio, mashine hii ndogo ya kampuni ya Roche inafaa kununuliwa. INR ni namba inayoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kwa aliyewekewa stenti, kibomba kidogo cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, na anatumia aspirini na klopidogreli, haina faida yoyote. Tofauti hiyo ni muhimu kuliko ubora wa mashine yenyewe, maana mgonjwa wa stenti akiambiwa hii ni "ya kupima damu nzito" anaweza kumwomba jirani ampime, kisha akaishi kwa kuiamini namba isiyomhusu.

Kijiti cha kupimia kina thromboplastini, kitu kinachoanzisha mgando. Damu ikikigusa, mgando unaanza, mashine inapima muda wake na kuugeuza kuwa INR. Warfarini hupunguza protini za ini zinazohitajika katika mgando huo, kwa hiyo kazi yake inaonekana kwenye kipimo. Aspirini haionekani. Yenyewe hufunga kimeng'enya cha COX-1 ndani ya plateleti, zile chembe ndogo zinazokimbilia palipochubuka, na klopidogreli hufunga mlango wao mwingine, P2Y12. Mgonjwa wa stenti atasoma 1.0 au 1.1, kama mtu asiyetumia dawa, hata kama dawa zake zinafanya kazi barabara. Hatari ni kwamba anaweza kudhani hazimsaidii, akaacha klopidogreli mapema na stenti ikaziba.

Kupima kazi ya plateleti ni kazi ya maabara: damu ya mshipani kwenye chupa ya sitrati (kemikali ya kuizuia isigande), isiingie kwenye friji, imalizwe kupimwa ndani ya saa 4. Tena wagonjwa wengi wa stenti hawahitaji kipimo hicho kila mara. Linalowafaa zaidi ni kuangalia wanachonunua dukani. Aspirini ya kawaida, isiyo na ganda, imezwe angalau nusu saa kabla ya ibuprofeni ya 400 mg, au saa 8 na zaidi baada yake. Ibuprofeni ikitangulia, inakaa mahali pa aspirini kwenye plateleti na kuizuia isishike.

Sasa joto. Mashine imetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 18 na 32, na vijiti vihifadhiwe kati ya 2 na 30. Kaskazi ya Januari hadi Machi, chumba chenye bati kinapita 32 mchana bila shida, na mashine itakataa kupima. Pima alfajiri, au chumba chenye kiyoyozi. Vijiti usiviache kwenye gari wakati wa foleni ya feri ya Likoni, wala usivipeleke Diani kwenye kisanduku cha pikipiki juani. Friji ya nyumbani inafaa kuvihifadhi. Ukitoa kijiti, funga kopo palepale, kwani unyevu wa pwani huviharibu, na hicho ulichotoa kitumike ndani ya dakika 10.

Makosa mengi yako kidoleni. Nawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukauke kabisa. Maji au spiriti iliyobaki huchanganyika na damu. Shusha mkono, sugua kuanzia kiganjani kuelekea ncha, toboa ubavuni mwa kidole. Tone la kwanza, mikrolita 8 hivi, liguse kijiti ndani ya sekunde 15. Likiwa dogo usiongeze la pili, chukua kijiti kipya na utoboe kidole kingine. Kukamua kwa nguvu huleta majimaji ya nyama yenye vianzisha mgando, na jibu linakuwa si sahihi.

Kabla ya kuitegemea, linganisha na maabara siku hiyohiyo. INR yako ikiwa kati ya 2 na 3.5, tofauti ya hadi 0.5 ni ya kuvumilika. Jibu lolote linalopita 4.0 lithibitishwe kwa damu ya mshipani kabla ya kubadilisha dozi. Mwaka 2018 Roche iliondoa sokoni baadhi ya vijiti vya mashine hii (vijiti vya PT) huko Marekani kwa sababu vilikuwa vikisoma juu mno. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) chini ya asilimia 25, asiitumie. Mwenye kingamwili dhidi ya fosfolipidi, aina ya mafuta ya mwilini, pia, kwani huweza kuonyesha INR ya juu isiyo ya kweli.

Ubora wake mkubwa ni kwamba kila kijiti hujikagua chenyewe kabla ya jibu kutoka. Kinachoumiza mfuko ni vijiti, si mashine: uliza bei ya kopo na upige hesabu ya mwaka mzima kwanza. Dukani, soma tarehe ya mwisho, kisha hakikisha namba ya chipu ya msimbo, ile inayoingizwa kwenye mashine, inalingana na ile iliyo kwenye kopo. Zisipolingana, rudisha kopo hilo papo hapo.